Nipe Mji Kwanza: Elimu ya Kumbukumbu na Ufundishaji wa Riwaya Teule

Utangulizi

Kila mwalimu wa Kiswahili anamjua mtahiniwa huyu. Riwaya teule ameisoma mara mbili na mwongozo wake mara tano. Kurasa za mwongozo amezipiga mistari kwa kalamu ya manjano hata hapana sentensi iliyosalia nyeupe. Ukimwuliza maudhui ya riwaya, anakutajia kumi bila kupumua. Lakini mwekee dondoo mbele yake, umwulize ni nani anayesema, anamwambia nani, wako wapi na ni jambo gani lililoyazusha maneno hayo, naye anaduwaa. Alama nne za muktadha zinampita hivi hivi. Ukimtaka aeleze kwa nini mhusika fulani alitenda alivyotenda, anarudi kwenye orodha yake: ufisadi, utabaka, mapenzi, unafiki.

Aghalabu tunamhukumu mtahiniwa huyu kwa haraka. Twasema ni mvivu, au hana kipawa cha lugha. Makala haya yanashikilia rai tofauti: kwamba alisoma, tena kwa bidii, ila alisoma kwa njia isiyoweza kumpa alichokitafuta; na kwamba njia hiyo tulimfundisha sisi walimu wake. Mwandishi wa makala haya naye kwa miaka mingi aliwaambia wanafunzi wake wa kidato cha nne "rudini mkasome tena", akiamini kuwa amewapa ushauri.

Saikolojia ya elimu imechunguza suala hili kwa zaidi ya karne moja. Matokeo yake yanawahusu sana walimu wa fasihi, ingawa ni nadra kuyasikia katika mijadala yetu. Makala haya yatayaeleza baadhi ya matokeo hayo, yayatumie katika riwaya ya Ken Walibora, Kidagaa Kimemwozea (2012), ambayo walimu wengi wameifundisha, kisha yaonyeshe mahali ambapo mwalimu wa fasihi hana budi kuwa mwangalifu asije akaifanya riwaya kuwa orodha ya mambo ya kuhifadhi.

Kusoma tena si kukumbuka

Mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha matokeo ya majaribio aliyojifanyia mwenyewe. Alihifadhi orodha za silabi zisizo na maana, kisha akapima ni kiasi gani alichosahau baada ya muda mbalimbali. Aligundua kwamba usahaulifu huenda kasi sana mwanzoni, kisha hupungua mwendo. Sehemu kubwa ya kinachopotea hupotea katika saa na siku za kwanza. Mwalimu anayemaliza sura ya tatu Jumatatu na kurudi kuigusa muhula unaofuata anakuja kuta zikiwa zimekwisha kubomoka.

Dawa inayowajia wengi ni kusoma tena. Mwaka 2006 wanasaikolojia wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, waliipima dawa hiyo. Waliwapa wanafunzi wa chuo kikuu vifungu vya nathari wavisome. Kundi moja lilisoma kifungu katika vipindi vinne mfululizo. Kundi jingine lilisoma katika kipindi kimoja tu, kisha katika vipindi vitatu vilivyobaki likaandika kila lilichoweza kukumbuka bila kutazama kifungu. Baada ya dakika 5, waliosoma tena na tena walikuwa mbele: walikumbuka asilimia 83, na wenzao asilimia 71. Baada ya juma moja mambo yaligeuka. Waliosoma mara nyingi walikumbuka asilimia 40. Waliojilazimisha kukumbuka, asilimia 61.

Katika matokeo haya mna jambo la pili, na pengine ndilo zito zaidi. Kabla ya mtihani, waliosoma tena na tena ndio waliojiamini zaidi kwamba watakumbuka. Maana yake ni kwamba kusoma tena humpa msomaji hisia ya kujua. Macho yanayazoea maneno, ukurasa unakuwa kama uso wa jirani, naye anadhani kuutambua uso ni sawa na kumjua mwenyewe. Katika chumba cha mtihani ukurasa haupo. Kuna dondoo fupi na karatasi tupu. Mtahiniwa wetu wa kalamu ya manjano amejizoesha kutambua, ilhali karatasi ya fasihi inamtaka akumbuke.

Wala hili si jambo la utafiti mmoja. John Dunlosky na wenzake walipozipitia mbinu kumi za kujisomea mwaka 2013, waliziweka mbili juu ya nyingine zote: kujitahini, na kuyatawanya mazoezi katika siku nyingi. Kupiga mistari na kusoma tena waliviweka miongoni mwa mbinu zenye faida ndogo. Ajabu ni kwamba hizo mbili za mwisho ndizo tunazoziona kila jioni katika vipindi vya kujisomea.

Kitendawili kama kielelezo cha ufundishaji

Haifai mwalimu wa Kiswahili aipokee elimu hii kana kwamba ni ngeni kabisa. Utaratibu wake umo katika utanzu tunaoufundisha kila mwaka katika fasihi simulizi, yaani kitendawili.

Hebu tuutazame mfumo wa uwasilishaji wake. Mtegaji anasema, "Kitendawili!" Hadhira inajibu, "Tega!" Anatega: nyumba yangu haina mlango. Hadhira inajaribu. Mmoja anasema kaburi, mwingine kibuyu. Wakishindwa, mtegaji hatoi jibu papo hapo. Anasema, "Nipe mji." Wanampa Mombasa au Kisumu, anaenda, anajitapa kidogo, ndipo anaporejea na kusema: yai. Waliotunga utaratibu huu walijua kwamba jibu linalotolewa kabla ya kutafutwa halina ladha wala halikai. Anayeshindwa hulipa mji, na kwa kuwa amelipa, jibu analishika.

Utafiti unaafikiana nao. Mwaka 2009 Nate Kornell na wenzake walionyesha kwamba mtu anayejaribu kujibu swali asilolijua, akakosea, kisha akapewa jibu sahihi, hulikumbuka jibu hilo vizuri zaidi kuliko yule aliyepewa jibu tangu mwanzo ajisomee. Kukosea hakukumdhuru, maadamu sahihisho lilifuata.

Na pwani yetu ina kielelezo kingine. Mwanafunzi wa madrasa anayehifadhi Kurani hasifiwi kwa kuutazama msahafu. Huketi mbele ya mwalimu wake akasikilizwa, akisoma kwa moyo. Akikwama, hurekebishwa. Na alichokihifadhi mwezi uliopita hukirudia kando ya kipya, kisije kikamponyoka. Neno letu kudurusu tunalitumia siku hizi kwa maana ya kupitisha macho juu ya daftari, ilhali katika madrasa durusi ni kazi ya kinywa na moyo.

Sasa tulinganishe na kipindi cha kawaida cha riwaya. Mwalimu anaingia, anasoma sura au anampa mwanafunzi asome kwa sauti, kisha anaandika ubaoni: Maudhui, (i), (ii), (iii). Wanafunzi wananakili. Hapa mtegaji ametega na kutegua mwenyewe. Hakuna aliyejaribu wala aliyetoa mji.

Kipindi kinaweza kupinduliwa bila gharama yoyote. Dakika tano za kwanza vitabu vifungwe. Kila mwanafunzi aandike katika karatasi: sura iliyopita iliishia wapi? Nani alikuwepo? Nani alimficha nani jambo gani? Kisha vitabu vifunguliwe, na kila mmoja arekebishe karatasi yake kwa kalamu ya rangi nyingine. Karatasi hiyo haisahihishwi na mwalimu wala haitolewi alama. Kazi yake imekwisha pale mwanafunzi alipotafuta akilini mwake na kuona pengo liko wapi.

Swali linaloulizwa ndilo linalofunzwa

Hapa ndipo mwalimu wa fasihi anapopaswa kusita. Ikiwa kujitahini ndiyo njia, je, tumtahini mwanafunzi nini? Ni rahisi mno kutunga maswali ishirini ya aina ya "Mtemi wa Sokomoko anaitwa nani?" na kudhani tumefanya kazi.

Pooja Agarwal alilichunguza suala hili katika utafiti uliochapishwa mwaka 2019. Alitaka kujua kama kujitahini juu ya mambo ya hakika kunamwandaa mwanafunzi kwa maswali ya fikra ya ngazi ya juu. Jibu lilikuwa kwamba hakumwandai. Waliojizoesha kukumbuka mambo ya hakika walifanya vyema katika maswali ya mambo ya hakika. Waliofanya vyema katika maswali ya kuchanganua ni wale waliokuwa wamejizoesha kwa maswali ya kuchanganua, au kwa mchanganyiko wa aina zote mbili. Kwa hivyo swali tunalomzoesha mwanafunzi ndilo tunalomfundisha.

Tuchukue mfano. Katika Kidagaa Kimemwozea, mtoto mchanga anatupwa mlangoni pa kibanda cha Amani, kijana anayechunga ng'ombe wa Mtemi Nasaba Bora. Amani na Imani wanamlea na kumpa jina Uhuru. Mtoto anafariki, nao wanatiwa kizuizini. Baadaye inabainika kwamba aliyemzaa ni Mtemi mwenyewe, kwa Lowela.

Swali la hakika ni hili: Mtoto aliyetupwa aliitwa nani? Jibu lake ni neno moja, na ni lazima mwanafunzi alijue. Lakini swali la pili ndilo la fasihi: Kwa nini mwandishi amempa mtoto huyu jina hilo, akamtoa katika damu ya mtawala na kumtupa mlangoni pa mchungaji? Mwanafunzi anayelijibu swali hili vitabu vikiwa vimefungwa analazimika kuyakusanya mambo mengi kwa wakati mmoja: nani alimzaa, nani alimkana, nani alimlea, nani aliadhibiwa kwa kifo chake. Akiyakusanya ataona mwenyewe kile ambacho mwongozo ungemwandikia katika mstari mmoja. Uhuru umezaliwa na mwenye mamlaka, mwenye mamlaka akaukana, maskini wakauokota na kuulea kwa kidogo walicho nacho, na ulipokufa ni wao walioitwa wauaji. Hii ni tahakiki. Mwanafunzi aliyefika hapo kwa miguu yake hahitaji kuhifadhi kwamba riwaya inahusu "ukoloni mamboleo na uhuru usiokamilika". Amekwisha kuona, na akiulizwa kwa njia tofauti ataweza kujibu kwa njia tofauti.

Kumbukumbu nayo hutunga hadithi

Tahadhari ya pili inatoka kwa Mwingereza Frederic Bartlett. Katika kitabu chake cha mwaka 1932 juu ya kukumbuka, alieleza jinsi alivyowapa Waingereza ngano ya Wenyeji wa Amerika ya Kaskazini waisome, kisha akawataka waisimulie baada ya dakika chache, baada ya siku na baada ya miezi. Kila waliposimulia, ngano ilibadilika. Ilikuwa fupi. Mitumbwi ikageuka mashua. Mambo ya mizimu waliyoyaona mageni yaliachwa au yalitafutiwa sababu. Wasimulizi hawakuwa wakidanganya. Walikumbuka kwa kujenga upya, na matofali waliyotumia yalikuwa ya nyumbani kwao.

Mwalimu yeyote wa fasihi simulizi atatabasamu akisoma haya, kwa kuwa ndivyo anavyofanya fanani. Hadithi ina uti wa mgongo, nyama huvikwa upya kila usimulizi. Katika fasihi simulizi tunaihesabu sifa hii kuwa uhai wa utanzu. Katika tahakiki ya riwaya iliyoandikwa ni hatari, kwa sababu mtahini ana kitabu mbele yake.

Mwanafunzi anayekumbuka bila kurejea matini huijenga riwaya kwa matofali aliyo nayo: filamu alizotazama, mahubiri aliyoyasikia, orodha ya maudhui ya mwongozo. Mhusika mwenye utata hugeuka kuwa mwovu mtupu au mwema mtupu. Mwalimu Majisifu anabaki "mlevi na mwizi". Kwamba ni ndugu ya Mtemi anayeishi katika kivuli chake, na kwamba ni mwalimu aliyetamani jina la mwandishi kuliko kazi ya kuandika, hayo yanaachwa njiani kama ile mitumbwi ya Bartlett.

Kwa hivyo kitendawili hakikamiliki bila jibu. Kila zoezi la kukumbuka lifuatwe na kurejea kwenye ukurasa. Na kurejea huko kuwe kwa matini yenyewe. Mwongozo hautoshi, kwa kuwa nao ni kumbukumbu ya mtu mwingine, na umekwisha kuacha mengi njiani kabla haujamfikia mwanafunzi.

Kuachanisha na kuchanganya

Mbinu ya pili iliyosifiwa na Dunlosky na wenzake ni kuyatawanya mazoezi. Bandu bandu huisha gogo, tunasema, lakini ratiba zetu zinafundisha riwaya kwa mfululizo, tunaimaliza, tunaifunga, na kuifungua tena majuma machache kabla ya mtihani.

Nicholas Cepeda na wenzake, katika utafiti wa mwaka 2008 uliowahusisha watu zaidi ya 1,300, walitaka kujua mwanya unaofaa kati ya kujifunza mara ya kwanza na kurudia. Waligundua kwamba mwanya hutegemea umbali wa mtihani. Kwa mtihani wa baada ya siku 7, mwanya bora miongoni mwa ile waliyoipima ulikuwa wa siku 1. Kwa mtihani wa baada ya siku 35, ulikuwa wa siku 11. Kwa mtihani wa baada ya siku 350, ulikuwa wa siku 21. Mwalimu anaweza kuyatafsiri haya hivi: riwaya inayofundishwa katika kidato cha tatu ili itahiniwe mwishoni mwa kidato cha nne irejelewe takriban kila baada ya majuma matatu, kwa dakika tano au kumi, vitabu vikiwa vimefungwa. Hakuna haja ya kuongeza kipindi. Dakika tano za kwanza za somo la ushairi zinaweza kuwa za riwaya.

Kuhusu kuchanganya, mfano mzuri ni tamathali za usemi. Kwa kawaida tunafundisha tashbihi leo na mifano kumi, kesho istiara na mifano kumi, kesho kutwa tashihisi. Mwanafunzi anapata zote, kwa sababu kichwa cha somo kimekwisha kumwambia jibu. Kwenye mtihani hakuna kichwa cha somo. Kornell na Robert Bjork, mwaka 2008, waliwafundisha watu mitindo ya wachoraji 12. Michoro ya baadhi ya wachoraji ilionyeshwa kwa mfululizo, ya wengine ilichanganywa. Baadaye, walipoonyeshwa michoro mipya, waliwatambua vizuri zaidi wachoraji waliofundishwa kwa kuchanganywa. Hata hivyo, wengi wao walipoulizwa, walidai kwamba mfululizo ndio uliowasaidia. Hapa tena hisia ya kujua inamhadaa mwanafunzi, na mwalimu pia.

Basi tuwape wanafunzi sentensi zilizochanganywa, tena zinazofanana kwa makusudi:

(a) Moyo wa mkuu yule ulikuwa kama jiwe.
(b) Mkuu yule alikuwa jiwe mbele ya vilio vyao.
(c) Jiwe la kaburi lilimtazama mkuu yule, likamsuta.
(d) Mkuu yule ana huruma kweli: alituletea mfereji juma la kampeni, akaung'oa juma la kuapishwa.

Jiwe limo katika tatu za kwanza na mkuu yumo katika zote. Mwanafunzi hawezi kukisia kwa kutazama neno. Hana budi kuuliza: je, kuna kiunganishi cha ulinganishi? Je, kisicho na uhai kimetenda kama binadamu? Je, maneno yanasema jambo moja na hali ikisema kinyume chake? Akizoea kujiuliza hivyo atatofautisha tashbihi, istiara, tashihisi na kinaya hata katika matini ambayo hajapata kuiona.

Kumsaidia mwanafunzi anayelemewa

Yote yaliyotangulia yanaweza kumwumiza mwanafunzi dhaifu yakitumiwa ovyo. Anayeambiwa "andika unachokumbuka" naye hakumbuki kitu huona aibu tu. Huyu anahitaji ngazi.

John Sweller na Graham Cooper walionyesha mwaka 1985, katika somo la aljebra, kwamba anayeanza hujifunza vizuri zaidi akipewa mifano iliyokwisha kukokotolewa kuliko akiachwa ahangaike na maswali mengi peke yake. Akili ina nafasi ndogo ya kushika mambo mapya kwa wakati mmoja. Mwanafunzi anayetafuta hoja, ithibati, ufafanuzi na msamiati kwa pamoja, tena katika Kiswahili sanifu ambacho huenda si lugha ya kwao, nafasi hiyo inamjalia mara moja.

Mpe basi jibu zima la mfano: "Majisifu ni mnafiki. Ni mwalimu, mtu anayetarajiwa kuikuza elimu ya vijana, lakini anauiba mswada wa Amani na kuuchapisha kwa jina lake. Kwa njia hii mwandishi anaonyesha kwamba wizi wa mali ya wanyonge haufanywi na watawala pekee. Hata wasomi wanaufanya." Aonyeshwe hoja iko wapi, ithibati iko wapi, ufafanuzi uko wapi. Juma linalofuata apewe jibu lenye hoja na ithibati, ufafanuzi auandike mwenyewe. Halafu apewe hoja peke yake. Hatimaye apewe swali tu. Ngazi hii iondolewe kadiri anavyopanda, kwani utafiti wa baadaye, uliofafanuliwa na Slava Kalyuga na wenzake mwaka 2003, unaonyesha kwamba usaidizi unaomfaa mwanagenzi humzuia aliyekwisha kukomaa.

Na tunaposahihisha? Mwaka 1988 Ruth Butler alilinganisha wanafunzi waliopewa alama peke yake, waliopewa maoni peke yake, na waliopewa vyote viwili. Waliopewa maoni peke yake ndio walioendelea vyema katika kazi iliyofuata na kudumisha hamu. Waliopewa alama pamoja na maoni hawakupata faida hiyo: alama iliyameza maoni. Mwalimu anayeandika "8/20, huna ufafanuzi" ajue kwamba mwanafunzi amesoma 8 tu. Mara moja moja tuandike maoni bila alama, tumpe dakika kumi aandike upya aya moja, ndipo alama ije.

Pingamizi

Kuna walimu watakaosema kwamba muda hautoshi. Kipindi ni dakika 40, darasa lina wanafunzi hamsini au zaidi, silabasi haingoji. Ni kweli. Lakini mbinu zilizotajwa hapa zinachukua nafasi ya kunakili maelezo ubaoni, na kazi iliyosahihishwa na mwanafunzi mwenyewe haimwongezei mwalimu mzigo.

Wengine watasema kwamba tafiti hizi ni za ughaibuni, nyingi zilihusu vifungu vifupi au orodha za maneno, na riwaya si orodha. Pingamizi hili lina uzito. Ndiyo maana mwalimu asizipokee kwa imani tu. Achague sura mbili za urefu mmoja. Moja aifundishe kwa kusoma na kurudia, nyingine kwa kusoma na kukumbuka. Baada ya majuma matatu awape wanafunzi jaribio moja juu ya zote mbili bila kuwatangazia. Matokeo ya darasa lake yatamshawishi kuliko makala haya.

Pingamizi la tatu huwa halisemwi waziwazi, nalo ndilo lenye nguvu zaidi. Shule inataka wastani upande, mzazi anataka gredi, na mwongozo unaleta alama kwa njia ya mkato. Lazima tukiri kwamba wapo waliopita kwa kuhifadhi miongozo, na wataendelea kuwapo. Lakini tutazame tunachokifanya. Majisifu alichukua mswada wa Amani, akaandika jina lake juu yake, akasifiwa. Mtahiniwa anayejaza kijitabu cha majibu kwa sentensi za mwongozo, kisha akaandika juu yake nambari yake ya mtihani, amefanya nini tofauti? Na sisi tuliompa mswada huo na kumwambia auhifadhi, tutajiweka wapi katika riwaya hiyo? Tunaifundisha hadithi ya wizi wa maandishi kwa njia inayowazoesha vijana wizi wa mawazo, kisha tunawauliza waeleze unafiki wa Majisifu kwa alama kumi.

Hitimisho

Makala haya yamedai kwamba kukumbuka hujengwa kwa kukumbuka, kwamba mazoezi yaachanishwe na kuchanganywa, kwamba swali la hakika liende sambamba na swali la tahakiki, na kwamba kila kumbukumbu ipimwe kwa matini. Vitabu vinavyotahiniwa hubadilika kila baada ya miaka michache, na mfumo wa 8-4-4 unaupisha ule wa umilisi, lakini akili ya kijana anayesoma riwaya ni ile ile.

Kwa mtahiniwa anayesoma ukurasa huu, ushauri ni mfupi. Soma sura moja ya kitabu chenyewe. Kifunge. Andika kilichotokea, nani alisema nini na kwa nini. Andika pia swali moja ambalo sura hiyo imekuachia. Fungua kitabu ujisahihishe. Kesho rudia bila kusoma tena, halafu baada ya juma moja, halafu baada ya majuma matatu. Mwongozo uufungue mwisho kabisa, ukiwa tayari una maoni yako ya kuulinganisha nayo. Utashangaa ni mara ngapi utatofautiana nao, na mara nyingine kitabu kitakuwa upande wako.